Lindo la Minyaa

Siku ya tatu maziwa yalikuwa bado yanatoka.

Anneth alichuchumaa chini ya upenu wa karakana ya baba yake, akakigeuza kijiti kimoja kwa ncha ya kisu. Vijiti vya mnyaa vikishakatwa hulazwa kivulini siku tatu kabla ya kupandwa, ili kidonda kikauke na maziwa yakatike. Ukiupanda mnyaa unaovuja, unaoza. Kila mtu pale Lyamkena, mtaani kwao Makambako, analijua hilo. Kwa kawaida siku ya pili tu kidonda kinakuwa kimefunga ngozi ngumu ya kijivu. Lakini hivi arobaini, ambavyo baba yake alivileta kutoka Matembwe juu ya mzigo wa mbao, vilikuwa vinadondosha kana kwamba vimekatwa dakika hiyo. Matone yalikuwa yamekusanyika sakafuni yakafanya kidimbwi cheupe.

Alikuwa amejipaka mafuta ya kula mikononi na kuvaa soksi kuukuu juu yake, kwa sababu maziwa ya mnyaa huunguza ngozi, na yakiingia jichoni mtu anaweza asione tena. Tone moja lilipenya soksi. Lilikuwa na joto la kitu kilicho hai, kama maziwa yanayokamuliwa. Na asubuhi ile ya Juni, maji ya kwenye ndoo yalikuwa yanauma vidole kwa baridi.

"Baba," aliita. "Hivi vijiti haviko sawa. Bado vinavuja. Tena vina joto."

Remmy alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Hakusimama. "Vimetoka kwenye baridi ya Matembwe, vimekuja kwenye joto la Makambako. Vinatoka jasho."

"Makambako kuna joto gani, Baba?"

"Basi vina jini." Sasa alisimama, akapuliza maranda yaliyomwingia kwenye ndevu. "Ila jini gani atavumilia baridi hii? Majini ni watu wa pwani. Huku angekuja kugonga mlango kuomba blanketi."

Kutoka chumbani Mama alicheka, halafu akajizuia kucheka, kwa sababu kucheka kulimvuta tumbo. Mama, jina lake Oliva, alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Mimba mbili kabla ya hii zilitoka. Safari hii nesi alimwambia akitaka kumbeba mtoto huyu mikononi, alale, asinyanyue hata sufuria. Ndiyo maana Anneth, mwenye miaka kumi na sita, aliacha shule akiwa kidato cha pili. Alichota maji, alipika, alifua. Baba yake alimwahidi kwamba mtoto akizaliwa salama, Januari atampeleka Njombe mjini kwenye chuo cha ushonaji. Anneth alikuwa ameshanunua futi kamba ya kupimia nguo. Alitembea nayo mfukoni kila siku, imeviringwa kama konokono.

Ua ulihitajika kwa sababu ya wezi. Mara mbili mwaka ule mbao za Remmy ziliibwa uwanjani. Na kule Matembwe, kwenye kambi ya zamani ya wapasua mbao iliyoachwa katikati ya miti ya misindano, aliona duara la minyaa iliyonenepa kuliko yoyote aliyowahi kuona. Mnyaa haupendi baridi. Sakitu, ule umande unaoganda usiku, ikiupiga, unakuwa mweusi kama umechemshwa. Ile ya Matembwe ilikuwa ya kijani, imejaa, mashina yake mazito kama paja la mtu. Alikata matawi bila kumuuliza mtu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

Walipanda Jumamosi, ingawa vilikuwa vinavuja. Remmy hakutaka kungoja tena.

Wapanda ua wa huku hawafungi ua kwa siku moja. Huacha pengo la mtu mmoja upande wa nyuma, na kijiti cha mwisho hungoja mpaka vile vya kwanza vishike. Anneth alimkumbusha baba yake. Remmy alisema pengo ndilo wanalopitia wezi. Akaweka geti la mbao mbele, akachimbia kijiti cha arobaini nyuma, akashindilia udongo kwa kisigino.

Kabla ya kuwa seremala, Remmy alikuwa mlinzi kwenye kiwanda cha mbao kwa miaka sita. Alikuwa na mzaha wake wa siku zote wa kupokeana zamu. Basi akasimama mbele ya kijiti kile, akabana visigino, akapiga saluti.

"Nakukabidhi lindo," alikiambia. "Asipite mtu hapa. Hesabu jioni, hesabu asubuhi. Hesabu itimie."

Anneth alicheka. Kisha kijiti kikainama, kikanyooka tena, taratibu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa.

Hapakuwa na upepo.

*

Wiki mbili hazikuwa na neno. Anneth aliilea ile minyaa kama alivyofundishwa: hakuimwagilia, maana mnyaa mchanga ukinyweshwa mapema huoza. Jioni aliifunika kwa nyasi kavu kwa ajili ya sakitu. Asubuhi alikuta nyasi zimetupwa mbali, zote, zimepangwa kwenye lundo moja nje ya ua. Alidhani ni kuku.

Wiki ya tatu minyaa ilishika. Siku hiyo ukungu ulishuka mpaka hakuweza kuona geti kutoka mlangoni. Alikuwa anawasha moto jikoni aliposikia sauti. Ilikuwa kama msumeno unaovutwa polepole kwenye ubao mbichi, lakini ilisema maneno.

"Moja. Mbili. Tatu."

Ikatulia.

"Nne."

Anneth alishika mwiko. Ndani ya ua ule walikuwa watatu tu. Alikimbilia chumbani, akamkuta Mama ameketi kitandani, macho yametoka, mikono yake miwili imefunika tumbo.

"Umesikia?" Mama alinong'ona.

"Nimesikia. Tuko watatu, Mama. Wa nne ni nani?"

Mama alitazama tumbo lake.

Siku ileile kuku mmoja alipenya katikati ya minyaa kufuata panzi. Anneth alimwona akiingiza kichwa. Hakumwona akitoka. Alipokwenda kutazama, kuku alikuwa ananing'inia kati ya matawi mawili, shingo imezungushwa mara tatu kama nguo inayokamuliwa, na macho yake yamezibwa kwa utando mweupe. Hewa ilinuka utomvu wa msindano na maziwa yaliyoungulia sufuriani. Kufikia Ijumaa kuku wote saba walikuwa wananing'inia, na jogoo wa mwisho alikuwa amepasuliwa katikati, nusu huku na nusu huku, kama ubao.

"Paka pori," alisema Remmy. Lakini alisema kwa sauti ya chini, na jioni hiyo hakupiga mluzi alipofunga karakana.

*

Jirani yao, Mzee Methusela, alizoea kukatiza uwanjani kwao kwenda bombani. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na moja, na hakuona sababu ya ua kubadili njia yake. Jumatatu saa sita mchana, jua limewaka na ukungu umekwisha, alifika upande wa nyuma na ndoo yake.

"Kamwene, wenye nyumba!" aliita. "Remmy! Umejenga nyumba au gereza?"

"Zunguka getini, mzee!" Anneth alipiga kelele kutoka kambani alikokuwa anaanika nguo. "Tafadhali usipite hapo!"

"Nizunguke na magoti haya? Mimi nimepita hapa wewe bado unanyonya." Akageuka ubavu, akaingiza bega kati ya minyaa.

Ua ulijifunga juu yake.

Anneth aliona vizuri, kwa sababu ilikuwa mchana kweupe na alikuwa hatua kumi tu. Matawi yasiyofika hata urefu wa mkono yalirefuka, yakamshika mzee kiunoni na shingoni, yakamnyanyua mpaka malapa yakamtoka miguuni. Tawi moja likamchapa usoni mara ya kwanza. Mara ya pili lilivunjika, na maziwa yakaruka. Mara ya tatu lilimchapa kwa ile ncha iliyovunjika, ndani ya jicho, na Mzee Methusela akatoa sauti ambayo Anneth hakujua kwamba mzee anaweza kuitoa. Kisha yakamtupa nje. Alianguka kwa mgongo juu ya ndoo yake.

Anneth alizunguka kupitia getini mbio, amebeba beseni la maji na kipande cha sabuni. Alimlaza mzee ubavu, akamimina maji machoni, akamimina tena, akimshikilia mikono asijifikiche.

"Usifikiche, mzee! Ukifikicha unayasambaza!"

"Ana mikono," Mzee Methusela alikuwa anasema, meno yakigongana. "Mjukuu wangu, yule ana mikono mingi. Amenishika kama ananipima."

Hospitalini waliokoa jicho la kulia. La kushoto lilibaki jeupe.

Usiku ule Remmy hakubishana tena. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha mkewe, kofia mkononi.

"Kesho naenda Matembwe," alisema. "Kuna mzee anaitwa Dionis, alipasua mbao kwenye kambi ile. Nitamuuliza ile minyaa aliipanda nani. Jioni nitakuwa nimerudi."

"Rudi kweli," alisema Mama. "Kila jioni ile sauti inahesabu."

*

Remmy aliondoka alfajiri kwa lori la mbao. Alifika Matembwe, akamwona Dionis, wakaondoka pamoja. Lakini wakati wa kurudi lori lilivunjika ekseli kwenye barabara ya Lupembe, na jua lilipoanza kuzama alikuwa bado anasubiri gari lingine, amesimama katikati ya njia kwenye kijibaridi, simu yake haina mtandao.

Nyumbani Anneth alikuwa amefunga madirisha yote. Alikuwa ameweka kando ya kitanda cha Mama mabeseni matatu ya maji, sabuni, na panga. Nje mwanga ulikuwa unageuka kijivu. Hata malori ya barabara kuu hayakusikika, kana kwamba mtu ameufunika mji kwa godoro.

"Moja," ilisema sauti.

Mama alimshika mkono.

"Mbili. Tatu."

Ikatulia. Walisubiri. Sauti ikaanza upya, karibu zaidi, ikizunguka ukuta wa nyumba.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Anakuja!" Anneth alipiga kelele kupitia mlango. "Baba anakuja, yuko njiani!"

"Moja," ilisema sauti, na sasa ilikuwa dirishani kabisa. "Mbili." Kitu kilikwaruza bati. "Tatu. Haitimii."

Dirisha lilipasuka. Matawi yaliingia kwa pamoja, ya kijani, laini, bila jani hata moja, yakipapasa kitanda, meza, ukuta, kama mikono ya kipofu anayetafuta kitu chake, na Anneth alipolikata la kwanza kwa panga, maziwa yaliruka mpaka kwenye dari, yakamwangukia shingoni na mgongoni, na ngozi yake ikawaka kana kwamba amemwagiwa mafuta ya kukaangia, lakini hakuachia panga, kwa sababu la pili lilikuwa tayari limeshika mguu wa Mama. Ndipo alipoelewa ubaya wa adui huyu: kila alipomkata, alivuja, na kila alipovuja, aliunguza zaidi. Hakuweza kupigana bila kuwanyeshea sumu. Akatupa panga. Akamburuta Mama chini ya meza ya chakula, akamfunika mablanketi mawili yaliyoloweshwa maji, akajilaza juu yake, akafunga macho kwa nguvu zake zote, na matawi yakaanza kumchapa. Yalichapa kwa mpangilio, bila hasira, kama mtu anayegongomea misumari, moja, mbili, tatu, kisha yanasita, yanangoja wa nne, na asipopatikana yanaanza tena, na hivyo ndivyo ulivyopita usiku wote, gauni lake likigeuka matambara na matambara yakigandana na mgongo wake, na chini yake Mama akinong'ona sala ileile, tena na tena, mpaka maneno yakaisha ikabaki mihemo tu.

Karibu na mapambazuko mihemo ilibadilika.

"Anneth," alisema Mama. "Chupa imepasuka."

"Bado mwezi mzima, Mama."

"Nakwambia imepasuka. Mtoto anakuja. Na amekaa vibaya, namsikia. Nisipofika hospitali tunakufa wote wawili."

Matawi yalikuwa yametulia, yamelala sakafuni kama nyoka walioshiba. Anneth alimwinua Mama kwapani. Walitoka mlangoni hatua kwa hatua, ndani ya ukungu mzito, wakakanyaga udongo mweupe wa maziwa. Geti lilikuwa hatua ishirini. Walipiga kumi na nane. Mama alinyoosha mkono kushika komeo, na kitu kikamkamata vifundo vyote viwili vya miguu kikamwangusha, kikamburuta nyuma kwa mgongo, tumbo juu, kichwa kikigonga mawe, naye akipiga mayowe na kuchimba ardhi kwa kucha, na Anneth akajitupa juu ya matawi yale akayang'ata, akayang'ata kweli kwa meno, mdomo wake ukajaa moto, akatema damu na maziwa akang'ata tena.

"Kitu kisitoke," ilisema sauti juu yao.

Hapo ndipo Anneth alipomwona. Alikuwa amesimama juu ya ua, mrefu kuliko bati la nyumba, mwili wake wote umefanywa kwa vijiti vya kijani vilivyosokotwa, mikono mingi, na pale ambapo macho yangekuwa palikuwa na mashimo mawili yaliyokuwa yanamwaga maziwa bila kukoma, kama vijiti vile sakafuni.

Nje ya geti gari liliunguruma, likazima.

"Oliva! Anneth!"

Geti lilifunguka lenyewe kwa Remmy. Alikuwa kwenye hesabu. Nyuma yake Dionis, mzee mwembamba aliyevaa koti la jeshi, alijaribu kumfuata, na geti likamgonga kifuani likamrudisha barabarani.

"Moja," ilisema sauti. "Mbili. Tatu. Nne."

Matawi yakamwachia Mama. Lakini geti likabana, na ua wote ukasogea ndani hatua moja.

"Ametimia, basi tuachie!" alilia Anneth. Mdomo wake ulikuwa umevimba, maneno yalitoka vibaya.

"Hatawaachia," Dionis alipaza sauti kutoka nje. "Akishapotelewa mara moja hafungui tena! Remmy, nilikwambia! Tajiri wetu alimleta jini huyu kutoka pwani kulinda mbao, akaondoka bila kumpokea. Miaka ishirini na mbili yuko lindoni! Huyo hafukuzwi kwa fimbo wala kwa maombi. Mlinzi haondoki mpaka apokewe zamu!"

Mama alijikunja ardhini. Damu ilikuwa inapita kwenye khanga yake.

Remmy alimtazama mkewe. Alimtazama binti yake, mgongo wake ulivyokuwa. Alivua kofia akampa Anneth.

"Baba, usifanye," alisema Anneth, ingawa hakujua bado ni kitu gani asifanye.

"Remmy!" Dionis aliita, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba. "Ukilipokea, limekuwa lako!"

"Nimesikia."

Remmy alitembea mpaka katikati ya uwanja. Alibana visigino. Akapandisha mkono kwenye paji la uso.

"Mlinzi! Hesabu imetimia. Nimekuja kukupokea."

Kile kitu kiliinama kutoka juu ya ua, kikainama zaidi, mpaka uso wake usio na macho ukawa mbele ya uso wa Remmy.

"Nani anapokea?"

"Mimi, niliyekukabidhi."

"Sema."

Remmy alivuta pumzi. "Nimepokea lindo."

Viganja viwili vya kijani vikamshika uso pande zote mbili, kwa upole, kama mama anavyomshika mtoto anayemnawisha. Kisha vidole gumba vikaingia.

Anneth alisikia. Kuona hakuona, kwa sababu Mama alikuwa amemvuta kichwa akakikandamiza kifuani. Alisikia baba yake akilia kwa sauti moja ndefu isiyopumua, na alisikia kitu kinachochemka. Halafu minyaa yote arobaini ikaanguka kwa mkupuo, ikalala chini, laini, iliyooza, kama mboga iliyokaa jua siku nyingi. Geti likafunguka kwa upepo wa kawaida. Malori yakasikika tena barabara kuu.

Dionis na dereva walimbeba Mama. Saa mbili asubuhi, hospitalini, mtoto wa kiume alizaliwa kwa kisu, akalia mpaka wauguzi wakacheka. Walimwita Jacob.

*

Majirani walikuja kuikusanya ile minyaa kwa reki na mafyekeo. Waliibeba mbali, wakaichoma shimoni, wakasimama upande ambao moshi haukwenda. Mwinjilisti alisoma Zaburi getini. Mzee Methusela naye alikuja, na kitambaa juu ya jicho lake la kushoto.

"Remmy, ndugu yangu," alisema, "sasa wewe na mimi tuna jicho moja. Tutalitumia kwa zamu."

Watu walicheka kwa huzuni. Remmy hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake pale lilipokuwa geti, macho yake meupe yametazama barabarani. Daktari alisema ni maziwa ya mnyaa, na kwamba hakuna la kufanya. Kila asubuhi Anneth alimfuta uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kila asubuhi kitambaa kilirudi cheupe. Kidonda hufunga siku ya pili, alijisemea. Hiki kitafunga. Lakini mwezi ukapita, na wa pili, na wa tano, na maziwa yalikuwa bado yanatoka kwenye macho ya baba yake, na yalikuwa na joto.

Hakuingia ndani tena kulala. Alisema anapunga hewa. Alipopelekewa chakula, alikula vijiko viwili akaacha. Mama alisema ni majonzi, mwanaume aliyezoea kazi akikosa macho anakuwa hivyo. Mama mwenyewe alikuwa hatoki. Tangu kisu cha uzazi hakuwa na nguvu. Maji waliletewa na wake wa majirani, na Anneth hakujiuliza kwa nini walimpa ndoo juu ya mstari wa ua wa zamani, bila kuvuka.

Jumatatu ya pili ya Januari alivaa gauni la bluu lililofunika makovu yote. Alimbusu Jacob kichwani. Mtoto alikuwa na miezi sita, ameketi mkekani anapiga kijiko kwenye sufuria. Futi kamba ilikuwa mfukoni. Basi la Njombe lilikuwa linaondoka saa tatu.

"Kamuage baba yako vizuri," alisema Mama.

Ukungu ulikuwa umetanda, jambo lisilo la kawaida kwa Januari. Remmy alikuwa amesimama getini na fimbo yake, hakuketi. Visigino vimebanwa.

"Baba, naondoka. Shikamoo."

"Moja," alisema Remmy.

Anneth alisimama. Ile haikuwa sauti ya baba yake. Ilikuwa msumeno kwenye ubao mbichi.

"Baba, ni mimi. Naenda chuoni. Uliniahidi."

"Mbili." Uso wake uligeuka kuelekea nyumbani, alipokuwa Mama. Kisha ukashuka kidogo, kuelekea mkekani. "Tatu. Imetimia. Kisitoke."

Alijaribu kupita kando yake. Mkono ulimpiga kifuani akaanguka hatua nne nyuma, begi likapasuka zipu, nguo zikatawanyika. Hakuona mkono ukija. Remmy alikuwa bado ameshikilia fimbo yake kwa mikono yote miwili.

Alibaki ameketi udongoni, anatafuta pumzi. Kwenye mstari wa ua wa zamani, kuzunguka uwanja wote, vichipukizi vya kijani vilikuwa vimetoka ardhini, virefu kama kidole. Jana havikuwepo.

Halafu uso wa baba yake ulilegea, na kwa muda mfupi alikuwa Remmy seremala, aliyechoka, yule wa maranda kwenye ndevu.

"Anneth, mwanangu," alinong'ona. "Ondoka hapo karibu. Siwezi kumzuia mkono wake. Nilidhani ni kazi ya siku chache, nitakufa nayo. Lakini yeye haniachi nife. Anasema mlinzi haondoki mpaka apokewe."

"Nani atakupokea, Baba?"

Alikuwa analia, au ni maziwa tu. "Amesema tusubiri. Amesema mtoto ni mzuri zaidi, atakaa lindoni miaka mingi. Anangoja tu ajue kusema. Maneno yenyewe ni mawili."

Nyuma yao, mlangoni, kijiko kiliacha kugonga sufuria.

"Ma," alisema Jacob, kwa furaha. "Ma. Mo."

Remmy aligeuza kichwa haraka, kama mlinzi aliyesikia hatua. Maziwa yakamtiririka mpaka kidevuni.

Kwenye barabara kuu basi la Njombe lilipiga honi. Anneth alisikiliza mpaka likanyamaza. Kisha alinyanyuka, akakung'uta vumbi kwenye gauni lake la bluu, akaitoa futi kamba mfukoni na kuiweka chini, juu ya begi, mahali ambapo mama yake angeiona. Akamgeukia baba yake, akabana visigino, akapandisha mkono kwenye paji la uso.